Hati ya Wazamuri

Katika duka la ami yangu Hamoud, Buguruni, juu ya rafu ya sabuni, ilitundikwa karatasi moja ndani ya fremu ya mninga. Ilikuwa ya Kihispania. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mtu yeyote wa ukoo wetu alilijua kwa hakika kuhusu karatasi ile. Mengine yote yalisemwa tu: kwamba ni hati ya mfalme, kwamba mfalme huyo alimpa babu yetu wa kwanza, Yahya az-Zamuri, mashamba na mnara huko Andalusi, na kwamba Zamuri lilikuwa jina la ngome. Mteja aliyekuja kununua kibaba cha mchele aliondoka amesikia yote hayo bila kuuliza.

Naieleza kwanza karatasi hiyo kwa sababu mwaka 1953 ndiyo iliyotumika kunizuia nisiolewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimesomea ualimu Unguja na nilikuwa nikifundisha wasichana hesabu na Kiingereza Kinondoni. Baba yangu alikwisha kufa, babu pia, na sikuwa na kaka. Kwa sheria yetu ya Kishafii walii wangu alikuwa ami Hamoud, na bila walii hakuna ndoa. Mwezi wa Rajabu Nassibu bin Sadallah alileta posa. Alikuwa mchora ramani wa serikali, mmoja wa wale waliokuwa wakipima viwanja vipya vya Temeke. Alifuata taratibu zote: wazee watatu, kilemba cha walii, maneno ya adabu. Mimi nilikaa nyuma ya pazia pamoja na Bi Wahiba, mke wa ami.

Ami aliwanywesha wazee kahawa, kisha akauliza, "Huyu Sadallah ni mwana wa nani?"

"Wa Mabruki," mzee mmoja akajibu.

"Na Mabruki ni mwana wa nani?"

Hapakuwa na mtu asiyejua. Mabruki alikuwa mtumwa katika shamba la minazi la Mwarabu mmoja huko Kawe, na jina lile alipewa na mwenye shamba. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wenye watumwa: Mabruki, Faraji, Almasi, Feruzi, majina ya baraka na ya vito, waliyopewa watu ambao hawakuulizwa kwao waliitwaje.

"Mie sina neno na kijana," ami akasema. "Mkono wake mzuri, ramani zake nimeziona. Lakini Wazamuri hatuozeshi chini. Ni suala la kufu, wazee wangu. Nasaba ya mume isipungue ya mke. Sikuitunga mie."

"Nyamaza," Bi Wahiba akaninong'oneza, ingawa sikuwa nimesema kitu. "Atapoa."

Hakupoa. Majuma mawili baadaye aliniita dukani kwa jambo lingine kabisa. Alikuwa akitaka kiwanja katika mtaa ambao ofisi ya ardhi haikuwapa watu waliohesabiwa kuwa wenyeji. Karani wa pale alimtazama usoni, akazungusha kalamu, akamwuliza, "Mzee, wewe tukuandike wapi, Mwarabu au mwenyeji?" Ami alikasirika kiasi kwamba alinieleza kisa hicho mara mbili. Sasa alitaka nimwandikie ombi la Kiingereza, lenye nasaba yetu yote, na hati ya mfalme iwe ushahidi.

"Hati itabidi itafsiriwe," nikamwambia. "Mzungu hatii muhuri karatasi asiyoisoma."

"Nimeshafikiri. Kuna padri njia ya Pugu, anaitwa Romani. Mhispania hasa. Mafuta yake ya taa ananunua kwangu."

"Ami, nikiandika nitaandika kilichomo."

"Ndicho ninachotaka, mwanangu. Kilichomo."

Akapanda juu ya kreti, akaitungua fremu kwa mikono yake mwenyewe, akaifunga ndani ya kanga. Nataka hilo lijulikane. Hakuna aliyemlazimisha.

Padri Romani alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Aliitoa karatasi kwenye fremu kwa kisu cha mezani, akailaza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kimya. Hati ilikuwa ya mkono wa zamani, herufi zimekumbatiana, na mahali pengine alirudi nyuma. Alipomaliza akavua miwani.

"Binti, nyumbani mnasemaje kuhusu karatasi hii?"

Nikamweleza: mfalme, mashamba, mnara.

"Nisome au ninyamaze?"

"Soma, padri. Neno kwa neno, na usirembe."

Nikafungua daftari langu. Aliposoma sentensi moja nilimsubirisha hadi niiandike, kwa hiyo nilichonacho ni maneno yake yalivyotoka:

"Wote watakaoiona barua hii na wajue kwamba mimi, Beatriz de Zamora, mjane, mkazi wa mji wa Malaga, namwacha huru mtumwa wangu Juan, rangi yake nyeusi, mzaliwa wa Guinea, umri wake kadiri miaka thelathini na minne, kwa kuwa amenitumikia vema miaka kumi na minane. Tangu leo na aende atakako, aishi atakapo, ashitaki na ashitakiwe, na mali yake amwachie amtakaye, sawasawa na mtu aliyezaliwa huru. Imeandikwa Malaga, tarehe kumi na tisa Aprili, mwaka elfu moja mia tano sabini na moja. Shahidi ametia sahihi kwa niaba ya bibi, kwa sababu bibi hajui kuandika."

Nilimwomba asome tena tangu mwanzo. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Juan ni jina gani kwetu?" nikauliza.

"Ni Yohana. Nyie mnamwita Yahya."

"Na Zamora?"

"Ni mji, kaskazini. Ila hapa ni jina la yule bibi. Mtumwa akiachwa huru alibeba jina la aliyekuwa bwana wake. Vitabu vya parokia za kwetu vimejaa watu kama hao."

"Jina la Juan alilipata wapi?"

"Kwenye ubatizo. Mwenye nyumba ndiye aliyechagua. Jina alilopewa na mama yake," akapitisha kidole juu ya mistari, "halimo."

Swali la nne, la baba yake Juan, sikuwa na haja ya kumwuliza yeye. Nasaba yetu, ile ya Kiarabu tunayoisoma kwenye hitima, inaanzia kwa "Yahya bin Abdillahi az-Zamuri, aliyevuka kutoka Andalusi hadi Tetuani", mji wa Moroko. Mtu aliyesoma kidogo anajua kwamba aliyesilimu, au asiyejulikana baba yake, huandikwa mwana wa Abdillahi, mja wa Mungu, kwa kuwa binadamu yeyote anaweza kuitwa hivyo bila uongo. Jina, ubini, mji na karne vilikubaliana. Sikuona pa kupenyezea mnara.

Padri alitaka kunifariji, akanihadithia habari za kijiji chake. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba; yeye ni Romani kwa sababu babu yake alikuwa Romani. Nikamwambia kwetu ni hivyo pia. Nasaba yetu ina wanaume kumi na mmoja, Yahya na Salim wakipokezana, hadi baba yangu, Yahya wa sita. Ami Hamoud, kwa kuwa alikuwa mtoto wa pili, alipewa jina la babu mzaa mama, Mwarabu wa Maskati. Kama desturi hii tuliitoa Hispania au tuliikuta Uarabuni siwezi kuthibitisha, kwa sababu pande zote mbili wanayo, na kwa hiyo sikuiandika. Niliandika kile kilichokuwa wazi: jina alilolichagua mjane wa Malaga asiyejua kuandika limerithishwa katika ukoo wetu mara tano, kila mara kwa fahari.

Sikuridhika na msomaji mmoja. Siku ya pili niliipeleka hati kwa Mgoa mmoja, karani wa forodha aliyesoma Kireno, bila kumwonyesha daftari langu. Hakuweza kusoma yote, lakini aliyoyaweza yalitosha: mtumwa, mweusi, huru, mwaka.

Kutoka kwake nilikwenda Temeke.

Nassibu alikuwa katikati ya uwanja mtupu uliojaa vigingi, akimfokea mtu aliyeshika mwisho wa mnyororo wa kupimia. Akaja kivulini mwa ukuta uliokuwa ukijengwa. Nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akachuchumaa akacheka hadi machozi.

"Kumbe sie ndugu," akasema.

"Inachekesha nini?"

"Samiha, kwetu nako iko karatasi kama hiyo. Cheti cha Mdachi, kina tai na muhuri, mwaka elfu moja mia tisa na tatu: Mabruki wa Kawe si mtumwa tena. Baba kakificha chini kabisa ya sanduku, ndani ya soksi. Mie mwenyewe nimekiona mara moja tu, siku alipougua akadhani anakufa." Akafuta macho. "Sie tumekitia soksi. Nyie mkakitia kioo."

"Nataka unisindikize nikienda kumsomea ami."

"Thubutu. Mie nipigwe na mizani ya chuma? Nenda mwenyewe. We mwalimu, hupigwi."

Nilikwenda peke yangu, nyumbani kwa ami, baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimeandika nakala mbili: ya Kiingereza kwa ajili ya ofisi, na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo ami alizisoma vizuri kuliko za Kilatini, asije akasema hakuelewa. Alisoma polepole. Alipofika kwenye neno Guinea aliinua karatasi karibu na macho.

"Padri kakudanganya," akasema.

"Nimempa mtu wa pili asome. Kakuta hayohayo."

"Mtu gani?"

"Mgoa wa forodha."

"Kafiri wa pili."

"Mtafute wa tatu, ami. Umpendaye wewe."

Bi Wahiba alikuwa ameketi kitandani ukumbini akichambua mchele. Aliiweka sinia chini. "Miaka thelathini," akasema, "kila Ijumaa napangusa kioo kile kwa kitambaa safi. Mtu akinikuta naambiwa, taratibu, Wahiba, huyo ni mfalme." Mabega yakaanza kumtikisika, akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Wahiba."

"Nimenyamaza."

Ami aliikunja nakala yangu mara mbili, akaiweka chini ya goti. Alikuwa mfanyabiashara, na sura yake ilibadilika kama ya mtu anayepanga bei. "Haya. Sikiliza, mwanangu. Mzungu wa ofisini hajui Kihispania. We andika, hati ya mfalme. Maneno matatu tu, basi. Na mie nitamwita huyo kijana wako. Ijumaa ijayo nakuozesha, msikitini, mbele ya watu, kwa ulimi wangu."

Bi Wahiba alinifinya paja. Ndicho kitu nilichokuwa nikikitaka tangu Rajabu, na kilikuwa kimewekwa mezani.

"Nitakujibu kesho," nikasema.

Nassibu, nilipomweleza, hakufikiri hata kidogo. "Kubali."

"Kubali?"

"Tangu chuoni naitwa mjukuu wa Mabruki. Wengine walisema wakitaka kunipiga, wengine walisema wakiwa hawana la kusema. Nimezoea, Samiha. Mwache mzee abaki na mfalme wake, mie nibaki na mke."

Ilikuwa hoja nzuri na niliipima. Nilitembea hadi kigingi cha mwisho cha mstari wake na kurudi.

"Akikuozesha kwa namna hiyo," nikamwambia, "utakuwa mtu aliyesamehewa. Kila Idi tutakapokwenda kumwamkia utasamehewa upya, na utatakiwa ushukuru. Watoto wetu watasomewa hitima ya mnara usiokuwepo, na Mabruki atabaki sandukuni. Kadhi yupo; walii akizuia bila sababu, yeye ndiye huozesha."

"Na tukienda kwa kadhi akatukatalia?"

"Basi tumekosa. Sikufichi. Inawezekana."

Aliukunja mnyororo, pingili moja juu ya nyingine. "We unajua kuposa vibaya sana, mwalimu," akasema mwishowe.

"Kilete hicho cheti."

"Baba ataniua."

"Mwambie ni mie niliyekitaka. Mwambie natoka ukoo ambao cheti kama hicho hutundikwa."

Kesho yake adhuhuri nilimpa ami jibu kabla hajafunga duka kwenda kusali. Nilimwambia sitaandika maneno matatu yale, kwamba nimekwenda kuandikisha malalamiko kuwa walii wangu ananizuia, na kwamba kadhi ametupa Alhamisi, saa tatu.

"Utanishitaki mie? Mdogo wa baba yako?"

"Naam, ami."

"Mwanamke anayejiozesha kwa kesi. Utasimuliwa mpaka Kawe."

"Na wasimulie sawasawa tu. Nakala ninayo, nitawapa."

Alhamisi ami alikuja na joho lake la sherehe na marafiki wawili wa kumshuhudia, watu wazima walionunua kwake kwa miaka mingi. Nassibu alikuja peke yake, bahasha ya kahawia kwapani. Bi Wahiba alinifuata mimi, akasema amekuja kwa sababu nyumbani mchele umekwisha kuchambuliwa.

Kadhi alikuwa mtu mfupi, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa amefumba macho, jambo lililowafanya wengi wadhani amelala. Alimwuliza ami sababu ya kuzuia. Ami akajibu kwa neno moja, kufu. Akatakiwa aeleze nasaba yake, na hapo, lazima niseme kweli, alikuwa mzuri. Aliisoma kwa moyo, sauti imesimama: Hamoud bin Salim bin Yahya bin Salim, akipanda ngazi jina kwa jina, Kilwa, Shihri, Maka, Tetuani, hadi Yahya bin Abdillahi az-Zamuri al-Andalusi.

"Mashaallah," kadhi akasema bila kufumbua macho. "Una ushahidi wa huyo wa mwisho?"

Mimi niliitoa hati, ambayo tangu siku ile ya padri ilikuwa kwangu, nikaiweka mezani, na juu yake tafsiri. Nassibu akatoa cheti kwenye bahasha. Kadhi akafumbua macho, akazilaza karatasi hizo mbili sambamba, akaisoma tafsiri, akaitazama mihuri. Ilichukua muda mrefu.

"Hii ya kushoto," akamwuliza ami, "ni ya nani?"

Hapo angeweza kukana. Angesema si yake, aliinunua mnadani, hajui ilikotoka. Lakini nyuma yake walikuwa wameketi wale rafiki zake wawili, ambao kila mmoja amesimuliwa habari za mnara pengine mara mia, na akikana hati hana tena Andalusi wala Zamuri.

"Ya babu yangu," ami akasema.

"Inasema alikuwa mtumwa. Mtu mweusi, wa Guinea."

"Nimeisoma."

Kadhi akanigeukia. "Binti, nikwambie mapema usije ukashangaa. Vitabu vyetu havikusaidii sana. Aliyeguswa na utumwa mbali, vinamweka juu ya aliyeguswa karibu. Ami yako ana hoja."

Ami akanyoosha mgongo. Nilikuwa nimevisoma vitabu hivyo kwa juma zima na nilijua hasa ukurasa aliouzungumzia.

"Najua, sheikh," nikasema. "Sikuja kusema hana hoja. Nimekuja kuomba hoja yake iandikwe."

"Iandikwe vipi?"

"Kama ilivyo. Nimemwandalia, abaki kutia sahihi tu."

Nikampa karatasi. Akaisoma kwa sauti, kwa sababu pale kila kitu kilisomwa kwa sauti:

"Mimi, Hamoud bin Salim, napinga ndoa ya binti wa kaka yangu na Nassibu bin Sadallah. Babu yangu Juan, mtu mweusi wa Guinea, aliachwa huru na bibi yake mwaka 1571. Babu yake Nassibu, Mabruki, aliachwa huru mwaka 1903. Kwa hiyo nasaba yangu ni bora kuliko yake kwa miaka mia tatu thelathini na miwili."

Mmoja wa rafiki za ami akakohoa.

"Hiyo ni miaka ya Kizungu," kadhi akasema. Akahesabu pembeni mwa karatasi. "Kwa miaka yetu ni mia tatu arobaini na miwili. Umempunja ami yako kumi."

"Nitasahihisha, sheikh."

"Nimeshasahihisha." Akaisukuma karatasi mbele ya ami, akaweka kalamu juu yake. "Pingamizi lako ni la halali na nitalipokea. Tia sahihi. Litaingia daftarini, na daftari, kama unavyojua, hukaguliwa na ofisi ya wilaya kila mwaka."

Ami hakuigusa kalamu. "Kitu kama hiki siwezi kukitia sahihi."

"Kuna neno la uongo?"

"Hakuna."

"Kuna neno limezidi?"

Ami aliitazama karatasi, si kadhi. "Hakuna. Lakini mtu haandiki hivi."

"Wewe uliwaambia wazee watatu."

"Niliwaambia. Sikuwaandikia." Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikashuka. "Umenivua nguo, Samiha. Mie niliyekupeleka Unguja kusoma."

Ilikuwa kweli kwamba yeye ndiye aliyenipeleka. Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu. "Ulinipeleka, ami, na sikusahau. Karatasi hii sikuongeza neno. Baba yake Nassibu alisomewa maneno hayohayo na wazee waliporudi kwake mwezi wa Rajabu, naye hakuambiwa achague kutia sahihi au kutotia."

"Hata mie nilikuwepo, nyuma ya pazia," Bi Wahiba akasema kutoka mlangoni, ambako hakutakiwa kusema kitu.

Kadhi alingoja. Nje mtu aliegemeza baiskeli ukutani ikaanguka, akaiinua. Ami alikuwa bado hajainua mkono.

"Pingamizi lisilo na sahihi sina pa kuliweka," kadhi akasema. "Sasa limebaki moja. Wewe ndiye walii. Utaozesha, au niozeshe mie?"

Ami akasimama, akajifunga joho. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari. Alisema tu, "Ozesha wewe," akatoka, na mmoja wa rafiki zake akamfuata. Yule wa pili, aliyekohoa, alibaki. Alisema kwa kuwa ameshapoteza asubuhi, na kwa kuwa mashahidi wawili wanahitajika, atakaa. Mwingine alipatikana barazani.

Haikuchukua muda. Mahari yalitajwa, Nassibu akakubali, kadhi akasoma dua. Kisha akavuta daftari la ndoa, akachovya kalamu, akaandika huku akitamka:

"Samiha binti Yahya bin Salim. Yatosha."

"Haitoshi, sheikh."

"Mstari ni mmoja, binti. Watu wote wa mji huu wanatosha kwenye mstari mmoja."

"Pambizo liko tupu."

Akalitazama pambizo, halafu mimi. "Unataka niandike nini humo?"

"Wote kumi na mmoja. Na Yahya wa kwanza aandikwe ndiye Juan, mtu wa Guinea, aliyeachwa huru Malaga. Na kwamba jina lake la kwao halijulikani."

"Ukiandikwa hapo hufutiki tena. Unajua? Kiwanja cha ami yako, watoto wako, shule watakazotaka kuingia. Mtu yeyote atakayefungua ukurasa huu ataona."

"Ndiyo sababu, sheikh."

Kadhi akamgeukia Nassibu, kama anayetafuta msaada wa mwanamume mwenzake. Nassibu alikuwa amekishika cheti cha babu yake wazi mbele yake, upande wenye tai ukiwa juu.

"Na mie, sheikh, nina la pambizo," akasema. "Mabruki wa Kawe. Naye la kwao halijulikani."

"Nyie wawili mtanimaliza wino."

Hata hivyo aliligeuza daftari ubavu, kwa kuwa pambizo lilikuwa jembamba, akaishika kalamu karibu na ncha ili aandike kwa herufi ndogo, akauliza aanze na nani.

Nikamwambia aanze na Juan.